Siku nne na kinga mbili hadi soko la Baraka



Huko Ulaya kuna wazee waliostaafu wanaosafiri kwa kinga siku tatu au nne, kwa kujifurahisha tu. Wanafuata njia za reli za zamani. Moja inaitwa Vennbahn, ya kilomita 125 hivi: inatoka Aachen, Ujerumani, inapita Ubelgiji na kuishia Luxemburg. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo hata magoti ya mzee yanaimudu njia hiyo.

Sisi Fizi hatuna reli. Ya karibu humu Kongo ni ile ya Kalemie, iliyofika ziwani mwaka 1915. Wazee wetu wanashuka mlima kama ulivyo, tena na mzigo. Msimu huu niliongozana na wawili: mwalimu mstaafu na mke wake, wote wamepita miaka 60, kutoka kijiji kilicho juu ya Fizi-Centre hadi Baraka.

Kinga ya Mzee ilibeba mihogo mikavu, ya Mama maharage. Hakuna aliyepanda. Kwenye mteremko walizivuta kwa nyuma, hatua kwa hatua, ili mzigo usiwakimbie.

Hasara ya mwaka jana

Mwaka jana walishuka na mihogo iliyokauka nusu. Mvua ikawanyeshea, magunia yakabaki yamefungwa usiku kucha. Kufika sokoni, ndani kulikuwa na ukungu, na mnunuzi akatoa nusu ya bei. Hiyo ndiyo ilikuwa feza ya masomo ya mjukuu wao. Mtoto alibaki nyumbani.

Kwa hiyo safari hii walianzia kwenye turubai, si barabarani. Kilo 100 za mihogo mibichi zikikaushwa vizuri hutoa kilo 25 hadi 30 tu. Kinachopungua zaidi ni maji. Mzee aliniambia: “Mwanangu, kinga haina kazi ya kubeba maji. Maji iko mingi kule ziwani.”

Mvua ya siku ya pili

Siku ya pili mvua ilitukuta tena. Tulijisitiri kwa dada yake Mama. Mzee alitaka tuendelee ilipopungua, Mama alikataa.

“Baba, soko haikimbie. Mihogo ikioza, tutauza nini?”

Alifungua magunia yote, akaingiza mkono hadi chini, akatandaza mihogo iliyoshika unyevu. Tulipoteza siku nzima. Siku tatu zikawa nne. Lakini Baraka mnunuzi alivunja vipande vitatu, akapima, akalipa bei ya siku hiyo bila kukata kitu.

Wakati wa kurudi, kinga zikiwa tupu, Mzee alipumzika kila kona ya mlima. Aliniambia hajui kama mwakani ataweza.

Hilo ni swali letu sote. Katika koperative zetu kuna wazee wanaojua kukausha kuliko vijana, na vijana wenye nguvu ambao mihogo yao inakataliwa sokoni. Kwa nini mzee asimamie turubai na kupanga mihogo, kijana asukume kinga, na kila mmoja apate fungu lake? Lijadilini kwenye mkutano ujao, na mkubaliane mafungu kabla ya mavuno.

Kabla ya kufunga mzigo

- Lowesha mihogo siku 3 hadi 4 ili sumu yake ipungue, kisha ikaushe juu ya turubai au kichanja, si chini kwenye udongo.
- Vunja kipande kinene. Kikikatika kwa mlio kama chaki, kimekauka. Kikijipinda, rudisha juani.
- Toa vipande vyenye ukungu. Visiuzwe, visisagwe kwa bukari ya nyumbani: ukungu una sumu.
- Jaribu breki kinga ikiwa na mzigo, kabla ya kufika kwenye mteremko.
- Beba turubai ya kufunika. Ukilowa njiani, fungua magunia usiku uleule.