Kompyuta Ilikubali, Printa Ikakataa

Mwaka 2003 madiwani wa jiji la München, Ujerumani, waliamua kuzitoa kompyuta za jiji kwenye Windows na kuzihamishia Linux. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikatisha likizo yake ya kuteleza kwenye theluji akaenda kumwona meya. Hakufua dafu. Kufikia 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehama. Novemba 2017 baraza la jiji hilohilo likapiga kura ya kurudi Windows.

Kisa hiki husimuliwa kama vita vya mafahali wawili: siasa, pesa, meya mpya asiyependa alichokipenda meya wa zamani. Siasa ilikuwepo, sikatai. Lakini mimi niliyejifunza Linux kwa kupenda tu, bila kulipwa na mtu, huvutiwa zaidi na jambo dogo: barua na fomu. Idara za jiji zilikuwa na maelfu ya violezo vya nyaraka, vingi vikiwa na makro zilizoandikwa kwa ajili ya programu za Microsoft. Kuweka mfumo endeshi mpya kwenye kompyuta moja hakumalizi hata saa. Kumhakikishia karani kwamba barua yake itatoka na nembo, kumbukumbu namba na jina la mkuu wa idara mahali pake, hiyo ni kazi ya miaka. Ilibidi mafundi wa jiji waandike programu yao wenyewe, WollMux, kwa ajili ya violezo hivyo.

Hayo niliyaelewa vizuri kwenye steshenari moja ya karibu na chuo, Morogoro. Kuna kompyuta mbili, printa ya leza, mashine ya fotokopi, na foleni ya wanafunzi inayorefuka kila siku za kukusanya ripoti za field zinapokaribia. Kero kubwa pale ilikuwa virusi vya flashi. Mwanafunzi anachomeka flashi, folda zake zinageuka shotikati, kompyuta nayo inaambukizwa na kuanza kumgawia kila anayefuata. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux havipati pa kushika. Tena Linux haijali ile alama ya kuficha folda wanayoitegemea waandishi wa virusi: unafungua flashi, kazi ya mwanafunzi unaiona palepale, takataka unafuta. Nikampangia mama mwenye duka: Linux Mint kwenye kompyuta zote mbili, LibreOffice, Firefox, basi.

Kompyuta zilikubali. Wifi ilishika mara ya kwanza, jambo ambalo wakongwe wa Linux watajua kwa nini nalitaja. Printa ikakataa. Ni ya bei nafuu, ya aina isiyokuwa na akili yake: ukurasa wote unaandaliwa ndani ya kompyuta na draiva ya Windows, yenyewe inapokea vitone na kuvibandika kwenye karatasi. Printa za bei ya juu kidogo hupokea PostScript au PCL, lugha ambazo CUPS, mfumo wa uchapaji wa Linux, unazifahamu siku nyingi. Ile haikujua hata moja. Kulikuwa na draiva mbadala iliyoandikwa na watu wa kujitolea, na maandishi ilichapa safi; nembo ya chuo kwenye jalada la ripoti ikatoka na madoadoa.

"Mwanangu," mama akaniambia, "mteja wangu haji kutazama kompyuta. Anakuja kuchukua karatasi."

Tukaja kwenye fonti. Mwanafunzi ameandika ripoti yake kwa Calibri. Kwenye LibreOffice isiyo na Calibri mistari inasogea, jedwali la ukurasa wa 14 linaangukia wa 15, na orodha ya yaliyomo kule mbele inakuwa ya uongo. Dawa ipo: fonti za Carlito na Caladea zimechongwa zikiwa na upana uleule wa herufi za Calibri na Cambria, na ukiziweka kurasa nyingi zinatulia. Nyingi, si zote. Na mwanafunzi anayewasilisha saa nane mchana hana muda wa kusikiliza habari za upana wa herufi.

Mwisho kompyuta moja ilirudi Windows, ikashika printa na mafaili ya Word. Ya pili ikabaki na Linux, ikawa lango: kila flashi inapitia pale kwanza, inasafishwa, kisha faili linavushwa kwa waya kwenda ile ya Windows. Mpango huo uliamuliwa zaidi na foleni kuliko na mimi, na ndio unaoendesha duka mpaka leo.

Wapo waliofaulu kwa ukubwa. Jandameri ya Ufaransa, kikosi cha polisi cha kijeshi, ilianza 2005 kwa kubadili programu za ofisi tu, ikaingiza OpenOffice huku Windows ikiwa palepale. Zikafuata Firefox na Thunderbird. Mwaka 2008, askari walipokuwa wamezoea programu hizo, ndipo ikaanza kubadili mfumo endeshi wenyewe, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake zinatumia Ubuntu. Kwa mtumiaji siku ile ya mwisho ilibadilisha kidogo sana: alifungua kivinjari kilekile, akaandika kwenye programu ileile. Naona huo ndio ufundi wote.

Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, kazi ya kujivunia kabisa. Ila programu ya aina hiyo hutoa toleo jipya kila mara, na kila toleo lina menyu za kutafsiri. Bajeti ya mradi ina tarehe ya mwisho, programu haina.

Sasa upande wa wavuti, ambako nilijifundisha mwenyewe na ambako Linux ilinilipa. Apache, MariaDB na PHP, vyombo vya kuendeshea tovuti, vyote vinakaa ndani ya laptopu, unaandika na kujaribu bila kugusa bando. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana. Vijana wengi hutengeneza tovuti kwenye Windows, ambako Picha.JPG na picha.jpg ni faili moja. Wakiipandisha kwenye seva, ambazo nyingi ni za Linux, nusu ya picha zinapotea, na wanaanza kumlaumu mwenye seva. Ukijifunzia kwenye Linux, unakutana na kosa hilo nyumbani.

PHP yenyewe haikuzaliwa na mpango. Rasmus Lerdorf alianza mwaka 1994 na vijiprogramu vya kumwonyesha nani anatazama wasifu wake mtandaoni, akavitoa kwa umma 1995. Labda ndiyo maana inawasamehe sana wanaojifunza peke yao.

Kwa PHP niliiandikia steshenari ile daftari la kufungulia kwenye kivinjari, likikaa kwenye kompyuta ya lango. Lilikuwa na ukurasa wa kazi, wa mauzo, wa matumizi, wa madeni, na ripoti ya mwezi yenye grafu. Binti wa dukani alichukua ukurasa wa madeni na kuacha mengine yote. Mauzo anaandika kwenye kaunta buku, ambalo halizimiki umeme ukikatika.

Kwenye kisanduku cha jina haandiki jina tu. Anaandika: "Asha wa hosteli ya juu, 1,500, kaacha kitambulisho." Kisanduku kilikuwa cha herufi 50, kikawa kinamkatia katikati ya "kitambulisho". Nikakiongeza hadi 255. Baadaye nikamkuta ameandika "kitambulisho" kwenye sehemu ya kutafuta, na orodha nzima ikaja ya watu ambao vitambulisho vyao vimo kwenye droo yake. Alikuwa amejitengenezea rejesta ya rehani ndani ya programu ambayo haikuwa nayo.

Grafu bado ipo, maana ilinitesa kuielewa na siwezi kuifuta. Yeye sasa anataka namba ya simu ikae peke yake, ili kabla chuo hakijafungwa awatumie wadaiwa wote ujumbe kwa mpigo.