Unyayo wa Kijenzi: Istilahi za Kiswahili katika Usanifu wa Kiotomatiki wa Bodi za Saketi, Nakivale na Mbarara

Kila kijenzi kinachokaa juu ya bodi ya saketi kina unyayo wake, yaani mpangilio wa pedi za shaba ambazo miguu yake hushikizwa kwa lehemu. Programu huria ya KiCad, iliyoasisiwa na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa mwaka 1992, huhifadhi kila unyayo katika faili la maandishi ya kawaida. Kwa hiyo si lazima msanifu auchore kwa mkono. Skripti fupi ya Python hupokea idadi ya miguu na vipimo vyake, kisha huandika faili zima.

Kazi iliyoondolewa ni ya kuchora. Iliyobaki ni ya kusoma vipimo, na hapo ndipo lugha inapoingia. Skripti ikiuliza “nafasi kati ya miguu”, Kiswahili kinaruhusu majibu mawili: umbali kutoka katikati ya mguu hadi katikati ya mguu unaofuata, au uwazi ulio baina yake. Katika kijenzi cha kawaida cha miguu 16, minane kila upande, umbali wa kwanza ni milimita 1.27. Mguu ukiwa na upana wa 0.4, uwazi ni 0.87. Anayeingiza 0.87 hupunguza 0.4 mara saba, na safu nzima hupungua kwa milimita 2.8. Skripti hailalamiki, bodi hutengenezwa, hulipiwa, na kijenzi hakikai.

Suala hili lina uzito wa pekee kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa 1958 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Isingiro, yana Wakongo wengi ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya kila siku. Mjini Mbarara, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa 1989, hufundisha kwa Kiingereza. Fundi wa taa za sola anayetoka upande mmoja kwenda mwingine hukosa majina kabla ya kukosa maarifa.

Majina mengine yapo tayari. Viwango vya IPC-7351 hutaka pedi, kwa kawaida, izidi mguu ili lehemu ipate pa kushika, na sehemu hizo huitwa kidole, kisigino na ubavu. Hazihitaji kukopwa. Neno “unyayo” lenyewe ndilo linalohitaji tahadhari: alama ya mguu mchangani hulingana na mguu, ilhali pedi huuzidi. Fasili ya kamusi iseme hivyo waziwazi.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Washauri wa sera hawana haja ya kuanza na tafsiri ya programu nzima. Maswali ya skripti ni mistari michache ya maandishi, na “umbali wa katikati hadi katikati, kwa milimita” huandikwa bila kugusa programu yenyewe.