Je, Wajua? Korodani Zilianzia Jirani na Figo

Korodani za mtoto wa kiume hazianzi maisha kinenani. Huanzia juu tumboni, jirani na figo, kisha hushuka wakati mtoto bado yumo ndani ya mji wa mimba. Kati ya wiki ya 8 na ya 15 ya mimba, homoni iitwayo INSL3, ambayo korodani zenyewe huitoa, hunenepesha utepe wa nyama unaozishikilia chini huku mwili wa kijusi ukirefuka kwenda juu. Kuanzia wiki ya 25 hivi hadi ya 35, kwa msaada wa testosteroni, hupenya ukuta wa tumbo kupitia mfereji wa kinena na kutua katika mfuko wa ngozi. Mwanamume mzima bado hubeba alama za safari hiyo. Ateri inayolisha korodani haitoki pajani wala kinenani; inachipuka kwenye aota karibu na figo na kuteremka njia yote hiyo, na vena ya korodani ya kushoto hurudi kumwaga damu yake katika vena ya figo. Ndiyo maana anayepigwa mpira sehemu hizo huinama akishika tumbo. Ndiyo maana pia saratani ya korodani inaposambaa kwa njia ya limfu, tezi zinazovimba kwanza kwa kawaida ni zile za ndani ya tumbo, si za kinena.

Safari hiyo ina gharama. Mfereji uliopitiwa hubaki kuwa sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo, na humo ndimo utumbo hujipenyeza baadaye ukaleta ngiri. Karibu mwanamume mmoja kati ya wanne hupata ngiri ya kinena maishani mwake, wakati kwa wanawake ni nadra. Korodani inaposhuka huburuta kipande cha utando wa tumbo, na katika nafasi iliyomo ndani ya utando huo ndimo maji ya busha hujikusanya. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania hawahitaji kuelezwa busha ni nini, kwa kuwa minyoo ya matende inayoenezwa na mbu hupenda kukaa katika mishipa ya limfu ya eneo hilohilo. Ongeza kwamba korodani inaweza kujisokota juu ya mishipa yake na kujikatia damu, na kwamba kiungo chenyewe, kinachotegemewa kuendeleza ukoo, hakina mfupa wala mafuta ya kukikinga. Ubongo umewekewa fuvu, moyo umezungushiwa mbavu, mayai ya mwanamke yamo ndani ya nyonga. Kwa nini korodani zitolewe nje?

Mwanafunzi yeyote wa sekondari atajibu bila kusita kwamba mbegu za kiume zinahitaji ubaridi, na mtahini atampa alama zote. Ushahidi upo tele. Joto la mfuko wa korodani huwa chini ya joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi, na tofauti hiyo hailetwi na upepo peke yake. Ngozi ya mfuko ni nyembamba na ina tezi nyingi za jasho. Chini yake kuna tabaka la msuli linaloikunja wakati wa baridi na kuilegeza wakati wa joto, na msuli mwingine huvuta korodani yenyewe juu au kuiteremsha. La ajabu zaidi ni mtandao wa vena unaoizunguka ateri ya korodani: damu inayopanda kutoka kwenye korodani, ikiwa imekwisha kupoa, hupokea joto la damu inayoshuka, hivyo ile inayoshuka hufika ikiwa baridi kuliko ilivyotoka tumboni. Katika miaka ya 1920, Carl Moore wa Chuo Kikuu cha Chicago alirudisha korodani za simbilisi tumboni na kuona utengenezaji wa mbegu ukiharibika. Akazipasha joto zilizobaki nje, akapata matokeo yaleyale. Homa kali humpunguzia mwanamume mbegu wiki kadhaa baadaye, jambo linaloeleweka ukijua kwamba mbegu moja huchukua siku zipatazo 70 kutengenezwa. Na mtu ambaye korodani zake zote mbili zilikwama tumboni anaweza kuota ndevu na kuwa na sauti nzito, kwa sababu testosteroni huendelea kutoka, lakini mbegu hana.

Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali tulilouliza. Majaribio ya Moore yanaonyesha kwamba korodani za leo hazivumilii joto la tumbo. Hayaonyeshi kwamba hazikulivumilia kabla hazijatoka. Mtu aliyezaliwa na kukulia Lushoto akishuka Dar es Salaam mwezi wa Februari atalalamikia joto, lakini malalamiko yake si ushahidi kwamba mababu zake walipanda milimani kulikimbia. Kiungo kilichokaa mahali pa baridi kwa mamilioni ya miaka kitajengeka kwa ajili ya baridi hiyo, hata kama kilifika pale kwa sababu nyingine kabisa. Hoja yangu ni hii: joto linaeleza kwa nini korodani zetu haziwezi kurudi ndani, lakini halitoshi kueleza kwa nini zilitoka.

Shahidi wa kwanza ni jogoo. Joto la mwili wake hukaribia nyuzi 41, kiwango ambacho kwa binadamu ni homa ya kukimbiziwa hospitali, na korodani zake zimo ndani, kando ya figo. Bado anazalisha mbegu kwa wingi, na kuku jike huzihifadhi hai mwilini mwake kwa wiki mbili au zaidi katika joto hilohilo. Utasema jogoo si mamalia, na kwamba koo zetu zilitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Ni kweli, ila pingamizi hilo linakubali jambo kubwa, kwamba seli za uzazi zinaweza kujengwa zikastahimili joto bila kutolewa nje. Na kama shahidi lazima awe mamalia, yupo tembo. Korodani zake ziko juu tumboni karibu na figo, vivyo hivyo kwa pimbi, jamaa yake mdogo wa majabalini. Mwili wa tembo ni wa baridi kidogo kuliko wetu, takriban nyuzi 36, na anayetetea nadharia ya joto ana haki ya kulitaja hilo. Lakini nyuzi 36 bado ni juu ya kiwango ambacho mfuko wa korodani hujitahidi kukilinda.

Pingamizi zito zaidi linatoka baharini. Pomboo ana korodani ndani ya mwili, umbo lake likiwa laini kwa ajili ya kuogelea, na hakuachiwa hivihivi: damu iliyopozwa kwenye pezi la mgongoni na mkiani hurudishwa kwa vena hadi zilipo korodani na kuzipoza. Kama ubaridi si sharti, kwa nini mwili uhangaike kiasi hicho? Ni sharti, kwa pomboo. Ametokana na wanyama wa nchi kavu wa ukoo mmoja na kiboko, na ni rahisi kuamini kwamba alirudi majini akiwa na korodani zilizokwisha kuzoea baridi. Tembo ndiye anayetatiza zaidi, maana mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani, Michael Hiller akiwa mmoja wao, walichapisha uchunguzi wa jeni mbili zinazoongoza ushukaji wa korodani, ile ya INSL3 na ya kipokezi chake. Katika baadhi ya jamaa wa tembo, kama vile sange na fuko dhahabu wa kusini mwa Afrika, walikuta mabaki yaliyoharibika ya jeni hizo. Jeni haiachi mabaki mahali ambapo haikuwahi kufanya kazi. Maana yake ni kwamba mababu wa ukoo huo walikuwa na korodani zinazoshuka, kisha ushukaji ukaachwa, na wanyama hao wakaendelea kuzaa bila shida. Kwa hiyo sharti la ubaridi linaweza kuvunjwa.

Nadharia nyingine zipo, na si zote zenye uzito sawa. Adolf Portmann wa Uswisi alidhani mfuko wa korodani ni pambo la kuvutia majike. Tumbili dume, mwenye mfuko wa buluu inayong'aa, angemuunga mkono, lakini mamalia wengi wameuficha mkiani na manyoyani, na pambo lisiloonekana ni pambo gani? Wengine wanalaumu mbio na kuruka, vitendo vinavyobana tumbo kwa kishindo na ambavyo vingeweza kuzikamua mbegu bila wakati wake. Tembo, asiyeruka kamwe, anaingia vizuri katika hoja hiyo. Mimi naona nguvu zaidi katika wazo la Michael Bedford, alilolitoa mwaka 1978, kwamba kilichofuata ubaridi kwanza si korodani bali ghala lake, yaani epididimisi, mrija mwembamba wenye urefu wa karibu mita 6 uliojikunja nyuma ya korodani, ambamo mbegu hukomaa na kungojea. Kuna mamalia ambao korodani zao zimebaki juu tumboni huku mkia wa epididimisi ukiwa umeteremka hadi karibu na ngozi. Wanyama hao hawaelezeki kirahisi ikiwa mtengenezaji ndiye aliyekuwa akitafuta baridi.

Vyovyote zilivyotoka, mwili wa binadamu haujapata njia ya tembo ya kurudi, na hapo wazazi wanahusika moja kwa moja. Katika watoto wa kiume 100 waliozaliwa kwa wakati, takriban 3 huzaliwa na korodani moja au zote mbili hazijashuka, na kwa njiti ni wengi zaidi. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Mkague mtoto akitoka kuoga maji ya uvuguvugu, kwa kuwa kwenye baridi hupanda zikakudanganya. Akifikisha miezi 6 bila wewe kuzipapasa zote mbili mahali pake, mpeleke kwa daktari, maana upasuaji wa kuziteremsha hufanywa kati ya umri huo na miezi 18, kabla joto la tumbo halijaharibu seli za kutengeneza mbegu. Na kijana akilalamika maumivu makali ya ghafla ya korodani, usimpe dawa ya maumivu ukangoja kesho: korodani iliyojisokota huokolewa mara nyingi ikifunguliwa ndani ya saa 6.