Mtoto Asiache Hesabu Njiani

Hapa Tenke reli ya Kolwezi na Dilolo huachana na ile ya Kamina. Watoto wetu nao hufika njia panda, tena mapema mno. Mtoto akishindwa hesabu za kugawanya siku tatu mfululizo, hujiona mjinga. Na mashimo ya shaba na kobalti hayako mbali, ambako gunia hulipwa jioni ileile. Darasa la sita litamlipa lini?

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazidai karo. Jambo jema, ila madarasa yalijaa, na mwalimu hawezi kuinamia kila daftari. Tena nyumbani mtoto asema Kiswahili, na kitabu chake ni cha Kifaransa. Taabu yake ni mbili, wala si uvivu.

Mama asiyejua Kifaransa asiogope. Aseme tu, "Mwanangu, nionyeshe mahali palipokushinda." Mara nyingi mtoto akieleza kwa Kiswahili hugundua kosa mwenyewe. Asipoligundua, alale, arudie alfajiri kichwa kikiwa kimetulia, lakini arudie. Baba naye asimfanyie hesabu ili yaishe upesi. Wala asimwite mpumbavu mbele ya wadogo zake. Neno hilo laweza kumsukuma shimoni.

Huko Kolwezi, Masista wa Mchungaji Mwema huwapokea watoto waliotoka machimboni na kuwafundisha kusoma na kuandika. Mtoto aliyezoea sururu hushika kalamu, akaanza na herufi ya kwanza.