Mwanga Unaosikika: Jinsi Gesi Inavyotambuliwa kwa Sauti

Katika somo letu la tafsiri, istilahi zinazowatoa wanafunzi jasho ni zile zinazofunga pamoja vitu viwili ambavyo kwa kawaida haviendi pamoja. Mojawapo ni fotoakustiki. Foto inahusu mwanga, akustiki inahusu sauti. Mwanafunzi huuliza, tena ana haki ya kuuliza: mwanga una sauti gani? Hatuwezi kutafsiri tusichokielewa, kwa hiyo tuanze na jambo lenyewe, istilahi zitafuata.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1880 na Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, akiwa Washington, Marekani, pamoja na msaidizi wake Charles Sumner Tainter. Walikuwa wakijaribu kupeleka maneno ya mtu kwa mwali wa jua badala ya waya. Katika majaribio hayo waligundua kwamba mwali ukikatwakatwa upesi kwa kisahani chenye matundu kinachozunguka, kisha ukaangukia kipande chembamba cha mpira mgumu, kipande hicho hutoa mlio. Walijaribu vitu vingi, na masizi yakawa miongoni mwa vilivyolia kwa nguvu zaidi. Mwaka 1881 John Tyndall huko Uingereza na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani walionyesha kwamba hata gesi hulia. (Huyu Röntgen ndiye aliyegundua eksirei mwaka 1895.)

Mlio huo unatoka wapi? Chukua chupa iliyofungwa yenye gesi. Imulike kwa mwanga unaowaka na kuzima mara 400 kwa sekunde. Kila unapowaka, gesi hufyonza sehemu ya mwanga huo, hupata joto kidogo mno na kutaka kutanuka. Kila unapozima, hupoa. Chupa imefungwa, kwa hiyo kanieneo ndani yake hupanda na kushuka mara 400 kwa sekunde. Sauti si kitu kingine ila kanieneo ya hewa inayopanda na kushuka. Weka maikrofoni ndani ya chupa, utasikia. (Kwa wasiolizoea, kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Sisi tunaliona ni miongoni mwa maneno yaliyoundwa vizuri katika istilahi za fizikia, maana linajieleza lenyewe.)

Utamu wake uko hapa. Njia ya kawaida ya kupima gesi kwa mwanga ni kuupitisha katika gesi na kuangalia umepungua kiasi gani. Gesi ikiwa chache, upungufu huwa mdogo sana. Ni sawa na kuhesabu gunia zima la sarafu ili kujua kama mbili zimepotea. Njia ya sauti ni kusikiliza sarafu mbili zikianguka sakafuni katika chumba kimya. Pasipofyonzwa mwanga hapana mlio, na mwanga unapokuwa mkali zaidi, mlio nao huongezeka. Ndiyo maana njia hii ilipata nguvu mpya baada ya leza kupatikana mwaka 1960.

Kuhusu spektroskopia, neno hili latutaka tukumbuke kwamba kila gesi huchagua mwanga wake. Kabonidioksidi hufyonza sana mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.26. Kabonimonoksidi hufyonza karibu na mikromita 4.7. Methani ni karibu na 3.3. Ukibadilisha mwanga, umebadilisha gesi unayoisikiliza.

Hapo ndipo sisi watu wa lugha tunapoguswa. Magazeti ya Kiswahili yamezoea kuandika hewa ukaa: mara ni kabonidioksidi, mara ni gesi zote zinazopasha dunia joto, na mtu wa kawaida akisikia ukaa hufikiri moshi wa jiko la makaa. Lakini gesi inayoua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ni kabonimonoksidi, na hii haina rangi wala harufu ya kumwamsha mtu. Chombo kinazitenganisha gesi hizi kwa tofauti ya chini ya nusu ya mikromita. Mfasiri akiziita zote hewa ukaa katika karatasi ya maelekezo ya chombo hicho, amemficha msomaji hatari yenyewe. Tunapendekeza katika matini za usalama majina yaandikwe kwa ukamilifu, hata yakiwa marefu.

Tuje nyumbani. Anayeivisha ndizi za pombe hapa Uganda huzifukia shimoni na kuzipa joto na moshi. Moshi una ethilini, gesi ile ile ambayo ndizi yenyewe huitoa inapoiva, na ndiyo sababu ndizi moja iliyoiva huwaivisha jirani zake. Ethilini hufyonza vizuri mwanga wa leza ya kabonidioksidi, karibu na mikromita 10.5. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walitumia njia ya fotoakustiki kuipima inavyotoka katika matunda na maua, hata ikiwa chini ya sehemu moja katika bilioni ya hewa.

Adui wa vyombo hivi ni kelele. Lori likipita nje, maikrofoni nayo hulisikia. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walileta ufumbuzi mzuri: badala ya maikrofoni waliweka kipande cha kwotzi chenye umbo la uma wa meno mawili, aina ile inayopatikana katika saa za mkononi na kutetema mara 32,768 kwa sekunde. Kelele ya mbali huyasukuma meno yote mawili upande mmoja, na ishara zake zikafutana. Sauti inayozaliwa katikati ya meno huyatanua, na hiyo ndiyo inayopimwa. Sikio la binadamu haliwezi kusikia mtetemo wa kasi hiyo. Hata hivyo wanafizikia wanauita sauti, nasi hatuna sababu ya kukataa.

Leo kampuni za Sensirion ya Uswisi na Infineon ya Ujerumani hutengeneza vifaa vya namna hii vya kupimia kabonidioksidi vyumbani. Kimoja cha Sensirion kina upana wa milimita 10 hivi. Darasa lililojaa na madirisha yamefungwa hujulikana upesi.

Tukiite nini kifaa hicho? Sensa haifai, kwani tayari ni hesabu ya watu. Sisi tunatumia kihisi. Kwa kitendo cha gesi tumechagua kufyonza, kwa kuwa kunyonya kumebeba mambo mengi mno, kuanzia mtoto mchanga hadi bepari. Kwa fotoakustiki yenyewe tumejaribu mwanga-sauti, lakini baadhi yetu wanasema linafanana na jina la redio. Aliye na pendekezo bora alilete ofisini kabla ya toleo lijalo, pamoja na sentensi mbili za mfano.