Mto Sutlej: Jinsi turbini zinavyositiriwa kabla ya kuvishwa ngao ya metali

Mto Sutlej huanzia katika nyanda za juu za Tibet, nchini China, hupasua milima ya Himalaya na kuingia katika jimbo la Himachal Pradesh nchini India, kisha huteremka hadi Pakistan. Theluji inapoyeyuka na mvua za monsuni zinapoanza kunyesha mwezi Juni, maji yake hubeba mchanga mwingi wenye kwatzi, madini ambayo ni magumu kuliko chuma cha pua kinachoundia turbini. Kituo cha Nathpa Jhakri, chenye mitambo 6 ya megawati 250 kila mmoja, kimekuwa kikipambana na mchanga huo tangu mtambo wake wa kwanza ulipoanza kufua umeme mwaka 2003.

Mabirika makubwa ya chini ya ardhi huchuja chembe kubwa kabla maji hayajaingia kwenye handaki. Chembe ndogo hupenya. Maji yanayoshuka kutoka kimo cha zaidi ya mita 400 huzirusha kwenye mapanga ya turbini kwa kasi inayotosha kuichimba metali, na mchanga ukizidi sana wahandisi hulazimika kusimamisha mitambo.

Kinga iliyochaguliwa ni kuyavisha mapanga na vilango vya maji ngao nyembamba ya kabidi ya tangsteni iliyochanganywa na kobalti na kromiamu. Unga wa madini hayo huingizwa ndani ya bunduki inayochoma oksijeni pamoja na mafuta ya taa au gesi. Moto hutoka kwa kasi inayoshinda ile ya sauti, na chembe za unga hugonga chuma zikiwa na mwendo wa mita 600 au zaidi kwa sekunde. Tabaka linalopatikana huwa na unene wa sehemu chache za kumi za milimita, nalo hushikamana na chuma kwa nguvu kubwa.

Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayozua taabu. Turbini si panga tupu. Ina matundu ya bolti, hesi, mikato ya kupachikia ekseli, na nyuso ambazo lazima zikutane na nyingine kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita. Tabaka likiangukia hapo, bolti haiingii na beringi haikai. Tupa ya kawaida haiwezi kuliondoa; hutakiwa jiwe la kusagia lenye almasi, kazi ya polepole ambayo inaweza kukila hata chuma kilichokusudiwa kuhifadhiwa. Ndiyo maana mafundi hutumia muda mrefu kufunika kuliko kunyunyizia, jambo ambalo wasimamizi wanaohesabu saa za bunduki pekee hawaelekei kulipenda.

Utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi wa magari haufai kabisa hapa. Hata tepe zilizoundwa kwa njia za zamani za kunyunyizia metali, ambazo chembe zake huenda polepole, huchanika au kuinuliwa pembeni na upepo wa bunduki. Tepe zinazofaa husukwa kwa nyuzi za kioo, hupakwa mpira wa silikoni, na baadhi huongezwa karatasi ya alumini juu ili kurudisha joto. Silikoni husaidia kwa kuwa ni laini: chembe huidunda badala ya kuikata. Lakini gundi yake isipochaguliwa vema huyeyuka na kutambaa hadi kwenye eneo linalosubiri ngao, na mahali penye gundi ngao haishiki.

Matundu huzibwa kwa vizibo vya silikoni au vya grafiti iliyochongwa. Kwa nyuso zenye maumbo magumu yapo majimaji yanayopakwa kwa brashi na kukauka kuwa ngozi, ambayo huoshwa baadaye. Hayo yahitaji uangalifu, kwani tone moja likidondokea pasipotakiwa huharibu mshikamano. Kazi inayojirudia, kama ile ya vilango vya maji vinavyofanana, huamuliwa na bati la chuma lililokatwa kwa umbo lake. Bati ni ghali kulitengeneza, lakini hutumika mara nyingi, na kwa kituo chenye mitambo 6 ya aina moja gharama hiyo hurudi upesi.

Pembe ya kifuniko ndiyo sehemu yenye hila zaidi. Ngao ikijengeka juu ya chuma na juu ya utepe kwa pamoja, huwa daraja linalounganisha viwili hivyo, na utepe unapovutwa hung'oa ukingo wa ngao. Maji yenye mchanga huanzia hapo hapo kuifukua. Kwa hiyo bati huwekwa likiwa limeinuliwa kidogo kutoka kwenye uso, ili ngao ipungue unene taratibu kuelekea ukingoni, na utepe hubanduliwa kwa kuukunja nyuma, mbali na ngao.

Aidha, kabla ya kunyunyizia, chuma hukwaruzwa kwa chembe za oksidi ya alumini zinazorushwa na hewa ya mgandamizo, ili kipate mikwaruzo ya kushikilia ngao. Kifuniko kilichotobolewa katika hatua hiyo hakiaminiki tena mbele ya bunduki. Karakana makini hukibadilisha, hata kama kinaonekana kizima.

Matengenezo makubwa hufanyika majira ya baridi, mto unapopungua na umeme unaopotea ni mchache. Kipande kilichoharibiwa na kifuniko dhaifu hulazimika kusagwa na kuanza upya, huku siku zikihesabiwa kuelekea mwezi Juni, maji ya Sutlej yatakapogeuka tena kuwa ya kijivu.