Breki ya nyuma ya mguu au ya mkono: mambo ambayo mhudumu wa bodaboda anafaa kujua

Kwa miaka mingi, karibu pikipiki zote za bodaboda zimekuwa na mpangilio mmoja. Mkono wa kulia hufunga breki ya mbele, mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma, mkono wa kushoto hushika klachi, na mguu wa kushoto hubadilisha gia. Sasa mpangilio huo si mmoja tena. Skuta na baadhi ya pikipiki za umeme hazina klachi, na breki yake ya nyuma hufungwa kwa mkono wa kushoto. Mhudumu anaweza kuendesha ya petroli asubuhi na ya umeme jioni. Ni muhimu ajue tofauti hii kabla ya kubeba abiria, hasa kwenye miteremko ya murram.

Hatari iko katika mkono wa kushoto

Mtu akishtuka, mwili hufanya kile ulichozoea. Aliyezoea skuta akipanda pikipiki ya gia, ng'ombe akikatiza barabara ghafla, atabana mkono wa kushoto akidhani anafunga breki. Hapo atakuwa amebana klachi. Injini itaachana na gurudumu, na pikipiki itateremka bila kizuizi. Naye aliyezoea pikipiki ya gia akipanda skuta, mguu wake wa kulia utakanyaga mahali pasipo na breki.

Kwa bahati nzuri, mkono wa kulia hufunga breki ya mbele katika aina zote mbili. Kabla ya kuondoka na pikipiki usiyoizoea, isukume kwa mkono ikiwa imezimwa na ujaribu breki moja baada ya nyingine. Kisha iendeshe polepole bila abiria mahali pasipo na magari, hadi mkono na mguu vizoee.

Ipi inafaa barabara ya vumbi?

Breki ya mguu ina faida yake. Mguu una nguvu, nayo mikono inabaki na kazi ya usukani, klachi na breki ya mbele. Udhaifu wake huonekana kwenye kona ya kulia yenye changarawe au matope. Pikipiki ikianza kuteleza, mwendeshaji hutoa mguu wa kulia ili ajitegemeze. Wakati huo hana mguu wa kukanyagia breki. Vilevile, gambuti yenye matope huteleza kwa urahisi kwenye pedali.

Breki ya mkono huondoa shida hiyo, kwa kuwa miguu yote miwili inaweza kugusa chini na breki bado iko mkononi. Ndiyo sababu baadhi ya waendeshaji wa pikipiki za milimani katika nchi nyingine huiongeza kwenye usukani. Pia humfaa mtu mwenye ulemavu wa mguu wa kulia. Mwaustralia Mick Doohan aliumia vibaya mguu wa kulia huko Assen, Uholanzi, mwaka 1992. Baadaye alitumia breki ya nyuma inayosukumwa kwa kidole gumba, akashinda ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 mara tano mfululizo, kuanzia 1994 hadi 1998.

Hata hivyo, breki ya mkono ikifungwa kwa pupa hukwamisha gurudumu sawa na ya mguu. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Iliyo salama ni ile uliyoizoea na inayofanya kazi vizuri.

Mteremko na mzigo

Unapofunga breki, uzito husogea mbele. Kwenye lami kavu, breki ya mbele ndiyo husimamisha pikipiki zaidi. Kwenye murram iliyolegea, ukiibana ghafla gurudumu la mbele huteleza na unaanguka. Tumia zote mbili kwa pamoja, taratibu, na upunguze mwendo kabla ya kona wala si ndani yake.

Usiteremke ukiwa umetoa gia ili kuokoa mafuta. Weka gia ndogo, injini ikusaidie kushikilia. Breki ikifanya kazi peke yake kwenye mteremko mrefu hupata joto na kupungua nguvu. Mzigo mzito nao huongeza umbali unaohitajika kusimama.

Ukaguzi wa kila asubuhi

• Kanyaga pedali. Katika pikipiki nyingi inapaswa kushuka takriban sentimita 2 hadi 3 kabla ya breki kushika. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha pikipiki yako.
• Hakikisha gurudumu linazunguka bila kukwama ukiachilia breki, na taa ya nyuma inawaka ukiifunga.
• Ukikaza cheni, pima breki upya. Gurudumu likivutwa nyuma, breki ya dramu inaweza kukaza kupita kiasi.
• Kama breki ni ya dramu, tazama alama ya kuchakaa kwenye gurudumu la nyuma. Mshale ukifika kwenye alama, badilisha viatu vya breki.
• Kama breki ni ya waya, ubadilishe mara nyuzi zake zinapoanza kukatika.

Anayetaka kuhamishia breki ya nyuma mkononi amwone fundi mwenye ujuzi, atumie vipuri vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na asikubali vipande vya kuunganishwa kwa kuchomelea.

Kwako abiria, kumbuka kuwa sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu, akiwa amevaa helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Ukimsikia mhudumu akisema breki "zinashika kidogo", una haki ya kushuka na kutafuta pikipiki nyingine. Haraka haraka haina baraka.